"Shetani Alinipitia": Somo Juu ya Hiari na Wajibu

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 7 hadi 10, Kutoka 21:28-32, Kumbukumbu la Torati 19:4-6, Luka 12:47-48, Matendo 2:23



Kwenye sanduku la maswali pale mlangoni tulikuta karatasi ya kijana mmoja wa darasa la vijana, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, jambo ambalo halitusumbui. Anauliza hivi: kama Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Yuda atamsaliti Yesu, na kama ilikuwa lazima iwe hivyo ili sisi tuokolewe, basi kosa la Yuda ni lipi? Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameongeza: "Na mimi nikiharibu je?" Hapo ndipo tulipoona kwamba swali hili si la Yuda peke yake, na kwamba halifai kujibiwa kwa mistari miwili ya haraka baada ya ibada watu wakiwa wanatafuta makoti yao.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, maana Kiswahili kimeficha mengi katika jambo hili. Mtoto akiangusha kikombe hasemi "nimekivunja". Anasema "kimevunjika". Mama akiuliza nani amekivunja, jibu ni lile lile: kimevunjika tu, mama. Fedha za kikundi hakuna aliyezila, zimepotea. Mchango hakuna aliyeuchelewesha, umechelewa. Silabi moja katikati ya kitenzi inatosha kumtoa mtendaji nje ya sentensi, na sisi sote tumejifunza kuitumia kabla ya kujifunza kuandika. Inapokuwa vigumu kabisa kumtoa, tunamtafutia mwenzake wa kubeba mzigo: "Shetani alinipitia." Hatusemi kwamba shetani hayupo. Lakini liangalieni neno lenyewe, kupita. Mtu aliyepitiwa ni kama kituo cha basi. Basi limekuja, limeondoka, yeye amebaki amesimama pale pale, hana habari.

Lakini lugha hiyo hiyo ina neno hiari, na ina methali isemayo kwamba hiari yashinda utumwa. Hiari na lazima, kadari na majaliwa, yote yalitujia kutoka Kiarabu, na ndugu zetu Waislamu wa pwani wamebishana juu ya jambo hili kwa karne nyingi kama sisi tulivyobishana. Kwa hiyo kijana wetu asidhani ameuliza kitu cha ajabu. Ameingia kwenye chumba chenye watu wengi.

Sasa fungueni Kutoka 7 hadi 10, na msome kalamu ikiwa mkononi. Watu wengi hukumbuka kwamba Mungu aliufanya mgumu moyo wa Farao, wakaishia hapo, wakasema basi Farao alikuwa mwanasesere. Maandiko yenyewe yanasema kwa namna tatu. Mahali pengine moyo wa Farao ukawa mgumu, wala hatuambiwi na nani. Ni "kimevunjika" ya Biblia. Mahali pengine Farao mwenyewe ndiye aliyeufanya mzito: tazameni 8:15 na 8:32, mara tu alipopata nafuu, vyura walipokufa na mainzi walipoondoka. Na mahali pengine ni Bwana. Mungu alikuwa amemwambia Musa mapema kwamba atafanya hivyo, katika 4:21 na 7:3, lakini katika habari za mapigo yenyewe hatuoni likisemwa kwamba Bwana amefanya mpaka 9:12, pigo la majipu, ambalo ni la sita. Na angalieni pale sura ya 9 inapokaribia kwisha: Farao anaufanya mzito moyo wake. Sura ya 10 inafunguka, Bwana anamwambia Musa kwamba ni yeye aliyeufanya mzito. Moyo ni ule ule, na mistari iko karibu hivyo kwamba mwandishi hakuweza kusahau alichoandika juu. Aliyaacha yote mawili yakae pamoja.

Mgiriki Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, hakumjua Musa, lakini ana mfano unaotusaidia hapa. Anasema mtu akishalirusha jiwe hawezi tena kulirudisha, lakini kulirusha kulikuwa katika uwezo wake. Ndivyo tabia zilivyo. Leo huenda mtu hawezi kujizuia kusema uongo, ulimi umeshazoea, lakini kulikuwa na siku za mwanzo ambazo angeweza. Farao wa sura ya 14, anayeingiza magari yake baharini, pengine hakuwa na namna nyingine. Farao wa sura ya 8 alikuwa nayo. Sisi tunaona maandiko yanatuonyesha mlango unaofungwa taratibu, na mkono uliokuwa wa kwanza kuusukuma ulikuwa wa Farao mwenyewe.

Turudi kwa Yuda. Swali la kijana lina sehemu mbili zilizofungwa pamoja, nasi tutazifungua. Sehemu ya kwanza ni kujua. Je, Mungu kujua kwamba nitafanya jambo kunanifanya nilifanye? Karibu mwaka 524, Mkristo mmoja wa Italia aitwaye Boethius, aliyekuwa kiongozi mkubwa serikalini, aliwekwa kifungoni akisubiri kuuawa, na humo kifungoni akaandika kitabu ambacho ndani yake analijadili swali hili hasa. Mtu asiye na habari za kesho angeweza kulipuuza. Yeye alikuwa anahesabu siku. Jibu lake ni kwamba kumwona mtu akitembea hakumlazimishi kutembea. Mimi nikisimama dirishani nikakuona unavuka barabara, ni kweli kabisa kwamba unavuka, wala haiwezekani nikuone unavuka huku huvuki. Lakini miguu ni yako. Mungu, anasema Boethius, haangalii mbele kama sisi tunavyotazama utabiri wa theluji. Kwake nyakati zote ziko kama leo. Anaona, na kuona kwake hakuburuti mtu.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi: ilikuwa lazima. Hapa tumsikilize Mwingereza John Locke, mwishoni mwa miaka ya 1600. Chukueni mfano, anasema, wa mtu aliyebebwa akiwa usingizini akawekwa chumbani pamoja na mtu aliyetamani sana kuonana naye. Mlango umefungwa kwa nje. Anaamka, anafurahi, anakaa wanaongea. Hawezi kutoka, lakini hajui wala hajajaribu. Amekaa kwa kupenda. Mwaka 1969 Mmarekani Harry Frankfurt alilisukuma wazo la namna hiyo mbele akasema kwamba mtu anaweza kuwajibika hata kama hakuwa na njia nyingine, ikiwa alichofanya alikifanya kwa sababu zake mwenyewe. Wapo wanaompinga mpaka leo. Lakini mkisoma Luka 22:22 na Matendo 2:23 mtaona mambo mawili yamewekwa katika sentensi moja bila aibu: jambo lilikuwa limeamriwa, na aliyelitenda ana lake la kujibu. Yuda hakuburutwa kwa makuhani. Alikwenda, akauliza watampa nini, akapokea vipande 30. Yusufu naye aliwaambia ndugu zake maneno ya namna hiyo huko Misri, Mwanzo 50:20: ninyi mlikuwa na nia yenu, Mungu alikuwa na yake, tendo likawa moja. Hakuwaambia kwamba hawakufanya kitu.

Kanisa lenyewe halikukubaliana upesi. Na hapa inafaa vijana wetu wajue kwamba mabishano makubwa kuliko yote katika jambo hili yaliamuliwa Afrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Pelagio alitoka Uingereza, akaishi Roma, akachukizwa na Wakristo wavivu waliosema "sisi ni wanadamu tu". Aliposikia sala ya Augustino inayomwomba Mungu mwenyewe ampe mtu uwezo wa kutii, alikasirika, maana kwake ilikuwa kama kumpa mtu ruhusa ya kulala. Mungu akiamuru, alisema, basi umepewa uwezo, simama utende. Augustino akamjibu kwa maisha yake mwenyewe: alikuwa ametaka kuacha, akashindwa, akataka tena, akashindwa tena, mpaka neema ilipomshika. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Miaka 1,100 baadaye moto ukawaka tena, Erasmus akiandika kutetea hiari mwaka 1524 na Luther akimjibu mwaka 1525 kwamba hiari katika mambo ya wokovu ni mtumwa. Hayo tutayaacha kwa siku nyingine. Tunachotaka kusema ni kwamba Pelagio hakuwa mtu mbaya. Kila mzazi katika ushirika huu anayemwambia mwanawe "ukitaka unaweza" ana Pelagio mdogo moyoni. Na kila mzazi ambaye mwanawe ametaka kweli kuacha dawa za kulevya akashindwa, amemwelewa Augustino bila kumsoma.

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa, ambalo wengi mmekuwa mkilisema pembeni. Ndugu yetu aliyepata ajali majira ya baridi ametuomba yeye mwenyewe tuliandike, bila jina. Alikuwa akifanya zamu ya usiku ghalani, na mchana kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi moja akirudi nyumbani alipitiwa na usingizi kwenye usukani. Gari lilivuka mstari likagonga jingine, na mama mmoja aliyekuwemo akavunjika mguu. Kesi iko mahakamani. Lilipokuja ombi la mchango wa wakili, ushirika uligawanyika. Wengine walisema ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu, tuchange tumalize. Wengine walisema alijua amechoka, sheria ichukue mkondo wake, na fedha za sadaka si za kulipia uzembe. Kumbukeni neno lake: nilipitiwa. Ni neno lile lile la shetani na la basi.

Torati ina kesi inayofanana na hii kuliko tulivyotegemea, nayo ni ya ng'ombe. Kutoka 21:28 inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Mstari wa 29 unabadilisha yote: ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe alikuwa ameonywa, naye hakumfungia, basi mwenye ng'ombe ana hatia, tena hatia kubwa. Pembe ni zile zile, aliyekufa ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua. Musa hakuuliza kama mwenye ng'ombe alikuwa na hiari dakika ile pembe zilipoingia. Dakika ile huenda alikuwa shambani. Anauliza juu ya jana na juzi.

Aristotle naye anataja sheria ya zamani iliyompa mlevi adhabu maradufu, kwa kuwa ingawa mlevi hakujua alichofanya, kulewa kulikuwa mikononi mwake. Mtu aliyelala hawezi kuchagua chochote. Lakini kabla ya kulala kuna nusu saa ya kupiga miayo, kuna kufungua dirisha, kuna kuongeza sauti ya redio. Ndugu yetu alituambia, bila kuulizwa, kwamba wiki mbili kabla ya hapo alizinduliwa na ile mistari ya kukwaruza pembeni mwa barabara kuu. Ng'ombe alikuwa ameshaonyesha pembe.

Hata hivyo upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Zamu mbili hakuzipenda. Kulikuwa na kodi ya nyumba, na ada za wadogo zake nyumbani, na bili ya hospitali ya mama yake, na simu zisizokwisha. Nani katika sisi hajawahi kuendesha akiwa amechoka hivyo? Na hapo ndipo linapoingia swali ambalo wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliliweka wazi mwaka 1976. Madereva wawili wamezembea sawasawa. Mbele ya mmoja mtoto anakimbilia barabarani, mbele ya mwingine hakuna mtu. Mmoja anakwenda jela, mwingine anakwenda kulala. Tofauti yao haikuwa ndani ya mioyo yao. Tunaita bahati, au neema, kutegemea aliyepona ni nani. Torati inalijua hili pia. Kumbukumbu la Torati 19:5 inamtaja mtu anayekata mti, chuma cha shoka kinachomoka kwenye mpini, kinamwua mwenzake. Huyo ana mji wa kukimbilia. Miji sita ilitengwa kwa ajili hiyo, Hesabu 35. Lakini msisome haraka. Mji wa makimbilio haukuwa ruhusa ya kwenda nyumbani kana kwamba hakuna aliyekufa. Alikaa humo mpaka kuhani mkuu alipokufa. Hakuwa mwuaji, lakini mtu alikuwa amekufa kwa mkono wake, na maisha yake hayakuendelea kama zamani.

Kwa hiyo kati ya "ana hatia yote" na "hana kitu" kuna ngazi nyingi, na Bwana Yesu mwenyewe anazitambua katika Luka 12:47-48: mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake na asiyejua hawapigwi sawa. Hata mahakama za nchi hii zimekuwa zikiipanda na kuishuka ngazi hiyo. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza hukumu ya kifo kwa mtu aliyetenda kosa akiwa na umri chini ya miaka 18, na mwaka 2012 ikakataza sheria zinazomlazimisha hakimu kumfunga mtoto wa namna hiyo maisha bila matumaini ya kutoka. Sababu zilizotolewa ni kwamba kijana hajapevuka, huvutwa na wenzake upesi, na tabia yake haijakauka. Kijana wa sanduku la maswali, hilo soma mara mbili. Halisemi kwamba ukiharibu si wewe. Linasema jiwe lako halijaenda mbali.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa chuo ametuuliza kuhusu majaribio ya ubongo yanayodaiwa kumaliza habari ya hiari. Kwa kifupi: mwaka 1983 Benjamin Libet wa San Francisco alitangaza kwamba watu walipokunja mkono kwa wakati waliotaka wenyewe, ubongo ulianza kujiandaa kama nusu sekunde kabla ya tendo, na wao wakahisi nia baadaye, karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya tendo. Mwaka 2012 watafiti wengine walionyesha kwamba maandalizi hayo huenda ni kupanda na kushuka kwa kawaida kwa ubongo, si uamuzi uliokwisha kufanywa. Sisi tunasema hivi: kukunja mkono bila sababu yoyote si kuoa, si kusaliti, si kukubali zamu ya pili. Maamuzi yanayotuhukumu huchukua wiki.

Tumalizie kwa ndugu yetu. Walipokwenda wazee kumtembelea, mmoja akamfariji akimwambia, "Si wewe, ni uchovu, ni maisha ya huku." Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee wangu, shikamoo yangu iko pale pale, lakini niacheni niseme nimemvunja yule mama mguu." Angalieni kitenzi. Hakusema umevunjika. Mwaka 1962 mwanafalsafa wa Uingereza, P. F. Strawson, alisema kwamba mtu akikukanyaga mkono kwa bahati mbaya na akikukanyaga kwa dharau, maumivu ni yale yale lakini chuki haifanani. Na tukiamua kutomlaumu mtu kamwe, kwa lolote, tunakuwa tumemtoa katika watu tunaoishi nao na kumweka katika vitu vya kutibiwa na kusimamiwa. Mzee alikuwa na upendo. Lakini alikuwa karibu kumnyang'anya ndugu yetu kitu ambacho hakuwa na kingine, yaani kosa lake, na pamoja nalo nafasi ya kumwandikia yule mama barua. Barua ameshaiandika. Wakili amemwambia asiitume mpaka kesi iishe, nayo iko kwenye droo.

Kuhusu mchango, baraza litakaa Jumamosi saa 10 jioni na kila mshirika anakaribishwa. Kabla ya hapo tunaomba msome Waraka kwa Filemoni, ambao ni sura moja tu. Onesimo alikuwa amemkosea bwana wake, na Paulo hasemi mahali popote kwamba hakukosa. Katika mstari wa 18 anaomba deni liandikwe kwake yeye, Paulo, na katika mstari wa 19 anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Kikundi cha Jumatano kitaanza hapo: je, mtu anaweza kulipa deni la mwenzake bila kusema kwamba mwenzake hakukopa? Njooni na Biblia ya lugha mnayoielewa. Chai ipo, na wenye zamu ya usiku watatafutiwa mtu wa kuwarudisha nyumbani.